Chatu Mpira wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumtuliza na Kumlisha

Nyoka anayezungumzwa hapa ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati anayepatikana kuanzia Senegali hadi Uganda. Akiogopa hujiviringa duara na kukificha kichwa katikati ya mwili. Ndiye chatu anayefugwa kwa wingi kuliko wote, kwa kuwa ni mpole na hakui kupita kiasi: dume aliyekomaa huwa na urefu wa mita 1 hivi, na jike huweza kufika mita 1.5. Sifa yake nyingine inayojulikana ni kugoma kula. Maswali mengi hapa chini yanazunguka mgomo huo, na majibu mengi yanarudi kwenye makazi yake kuliko kwenye chakula chenyewe.

Nimemleta nyumbani leo. Nianze na nini?

Mweke kizimbani, hakikisha maji yapo, funga vizuri, uondoke. Kwa siku 7 za kwanza kazi yako ni kubadilisha maji na kusoma kipimajoto. Usimshike, usimwite jirani aje kumtazama, usiinue pango lake kila saa kuona kama yupo. Yupo.

Kizimba kiwe tayari kabla hajaja, na joto lake liwe limekwisha kutulia kwa siku mbili tatu. Kufunga taa na kurekebisha themostati (kifaa kinachodhibiti joto) huku nyoka yumo ndani humwongezea hofu bila sababu.

Kwa nini asishikwe? Dukani alikuwa anashikwa na kila mtu na hakufanya kitu.

Nyoka aliyeganda mkononi si lazima awe ametulia. Porini chatu huyu hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na hutoka jioni na usiku. Kwake, kitu kinachomjia kutoka juu ni mwewe au mnyama mwingine wa kumla. Akihisi yuko hatarini huacha kula, kwa sababu nyoka aliyeshiba ni mzito na hawezi kukimbia. Kwa hiyo kila unapomshika katika siku hizo za mwanzo unausogeza mbele mlo wake wa kwanza. Wenye subira kawaida humshika baada ya kula mara mbili au tatu mfululizo, na hiyo ni kanuni nzuri.

Kizimba kiwe kikubwa kiasi gani?

Kwa mkubwa, sentimita 120 kwa 60 kwa 60 ni kipimo cha chini kinachofaa. Kuhusu mdogo, wafugaji wanabishana bila kuchoka. Wengine husema kizimba kikubwa humtisha mtoto wa nyoka hata asile, wengine husema hapana. Nionavyo mimi, kinachomtisha ni uwazi. Kizimba kikubwa kilichojaa mapango, majani bandia, vipande vya magome na matawi hakimsumbui, ilhali kidogo kisicho na kitu humsumbua. Kama huna vya kukijazia, anza na kidogo.

Mapango yawe mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Yawe madogo: akiingia, mgongo na mbavu ziguse kuta. Watu wengi hununua pango zuri, pana, lenye mdomo mkubwa, halafu wanashangaa nyoka kulala nyuma ya bakuli la maji. Boksi la plastiki lililopinduliwa na kutobolewa tundu dogo humfaa kuliko hilo pango la bei. Ukifunika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi, mara nyingi utaona mabadiliko ndani ya siku chache.

Joto liwe kiasi gani, na nitajuaje kuwa ni sahihi?

Upande wa joto, pale anapolala, pawe na nyuzijoto 31 hadi 33 za Selsiasi. Upande wa baridi uwe 25 hadi 27. Usiku joto linaweza kupungua kidogo lakini lisishuke chini ya 24.

Hili ndilo jambo la kulishughulikia kuliko yote. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analichukua nje na kulitumia kumeng'enya chakula. Panya mzima akikaa kwenye tumbo la baridi huoza kabla hajameng'enywa, na ama atatapikwa ama atamletea nyoka maradhi. Ndiyo maana chatu anayekaa kwenye baridi hukataa chakula, hata ukimpa kilicho bora namna gani.

Vile vipimajoto vya mshale vinavyobandikwa kwenye kioo hupima joto la kioo, tena vibaya. Tumia kipimajoto cha kidijiti chenye waya, kihisi chake kikiwa ndani ya pango, pale tumbo la nyoka linapogusa. Cha kulenga kama bastola kinafaa pia kwa kupima uso wa matandiko. Kila chanzo cha joto, kiwe mkeka wa umeme au balbu, kipitie kwenye themostati. Mkeka usio na themostati huweza kupanda hadi kumbabua nyoka, naye hatasogea mapema kama unavyotarajia; chatu hulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi ya tumbo inaharibika. Mawe ya umeme usiyaweke kabisa. Balbu nayo iwekewe wavu, kwa sababu ataizungushia mwili.

Usiku kuwe giza. Ukihitaji joto la usiku, tumia kifaa kisichotoa mwanga.

Na unyevu?

Asilimia 60 hadi 70 humtosha, na akikaribia kujivua gamba uongeze kidogo. Usumba wa nazi au makumbi yaliyosagwa hushika unyevu vizuri. Mwaga maji kwenye pembe za kizimba yanywee chini, halafu acha uso wa juu ubaki mkavu. Kunyunyizia juu kila asubuhi kunalowesha tumbo lake na baada ya saa mbili hewa imekauka tena. Tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu hupoteza unyevu haraka, basi funika sehemu kubwa ya wavu huo, ukiacha nafasi ya hewa kupita. Randa za mwerezi na msonobari usizitumie, harufu yake inadhuru mapafu.

Mlo wa kwanza nimpe lini?

Baada ya siku 7, jioni, kama hajaanza kujivua gamba. Ukimwona ametoa kichwa kwenye mlango wa pango usiku, shingo imekunjwa na ulimi unacheza polepole, hiyo ndiyo saa yake.

Kabla ya hapo rudi kwa aliyekuuzia, ujue alikuwa akila nini: panya au kipanya (yule wa aina ndogo), hai au aliyegandishwa, wa ukubwa gani, kila baada ya siku ngapi, na alikula mwisho lini. Bora zaidi uliza haya kabla ya kulipa. Mtoto wa chatu ambaye hajala angalau milo mitatu minne kwa mfugaji wake bado hajawa tayari kuhama, hata kama ana rangi ya kupendeza namna gani. Na tukiwa kwenye rangi: aina iitwayo Spider huzaliwa na hitilafu ya mishipa ya fahamu. Kichwa hutetemeka au kupinduka, na wengine hukosa shabaha wakirukia chakula. Anayeanza asimchukue huyo.

Anakula nini, na kwa kipimo gani?

Panya mzima, pamoja na mifupa, maini na manyoya. Humo ndimo madini na vitamini zote zilimo. Vipande vya nyama, mayai na wadudu si chakula chake.

Kwa mdogo, mpe windo lenye asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila baada ya siku 7 hadi 10. Mtoto wa gramu 70, kwa mfano, anapewa windo la gramu 7 hadi 10. Akishakomaa kiwango hushuka hadi asilimia 5 hivi, kila baada ya wiki 3 au 4. Nunua mizani ya jikoni, kwa sababu macho hudanganya. Kama mizani haipo kwa sasa, windo lisizidi unene wa mwili wake pale alipo mnene kuliko kote.

Kama unaweza, mzoeze panya mapema kuliko vipanya. Akikulia vipanya, siku atakapokuwa mkubwa itabidi umpe wanne kwa mkupuo, na huenda akamkataa panya kabisa.

Hai au aliyekufa?

Aliyekufa. Panya hai hujitetea, na meno yake huchimba mgongo wa nyoka hadi mfupani, hasa nyoka asipokuwa na njaa naye mfugaji amekwenda kulala. Aliyegandishwa ni salama, hukaa kwenye friza kwa miezi, na hafi kwa hofu ndani ya kizimba. Kama nyoka wako amezoea walio hai, kumbadilisha kwaweza kuchukua muda, lakini wengi hubadilika wakipewa windo lililopashwa joto sawasawa.

Ninampashaje joto panya aliyegandishwa?

Hapa ndipo milo mingi huharibika. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto la mnyama gizani. Panya aliyeyeyuka lakini amepoa, kwake ni kitu chenye harufu tu, hakionekani kama mnyama.

Mtoe kwenye friza usiku uliotangulia, mweke kwenye friji ayeyuke taratibu ndani ya mfuko uliofungwa. Jioni ya kulisha, mwache kwanza afikie joto la chumba. Kisha, akiwa bado ndani ya mfuko ili asilowe, mtumbukize kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, kwa dakika 10 hadi 15. Mbonyeze tumbo: kama kuna sehemu ngumu au baridi, bado. Mwishoni kipashe joto kichwa peke yake, kifike karibu nyuzijoto 38 au 40, kwa maji ya moto zaidi au kikausha nywele. Kichwa kikiwa na joto kuliko mwili, nyoka hulenga huko, na kumeza kuanzia kichwani ndiko rahisi.

Maikrowevu hapana. Humpika ndani huku nje akiwa baridi, na hupasuka tumbo.

Zima taa ya chumba, mshike panya kwa koleo ndefu, kiunoni au kwenye mkia, umpitishe polepole mbele ya pango kama anayetembea kwa shughuli zake. Usimsukumie nyoka usoni. Panya halisi hamfuati nyoka, na nyoka anayefuatwa hurudi nyuma. Akimkamata na kumzungushia mwili, tulia palepale ulipo, usitikise kitu wala kuwasha taa. Kumeza kwaweza kuchukua nusu saa.

Amekataa. Nifanye nini?

Kwanza, usifanye kitu. Mwache panya mlangoni pa pango usiku kucha. Wengi hula alfajiri wakiwa hawatazamwi. Asubuhi ukimkuta hajaguswa, mtupe. Usimgandishe mara ya pili.

Kisha mpe nyoka siku 7 hadi 10 kamili kabla ya kujaribu tena. Kujaribu kila usiku ndiyo njia ya uhakika ya kuurefusha mgomo, maana panya anageuka kuwa kitu cha kuogofya. Katika siku hizo kagua makazi: pima joto ndani ya mapango yote mawili, angalia unyevu, angalia kama mapango yanambana. Tazama kizimba kimekaa wapi. Kilicho karibu na spika, mlango unaobamizwa, au mahali paka anapokaa kukodoa macho, hakimpi nyoka amani. Na je, kuna mtu nyumbani anayemshika wewe ukiwa hupo? Swali hili huleta majibu ya kushangaza, hasa penye watoto.

Baada ya hapo badilisha jambo moja kwa wakati. Jaribu kipanya badala ya panya, au windo dogo zaidi, au la rangi nyingine. Kuna chatu wanaokataa weupe na kula wa kahawia. Unaweza kulikokota windo kwenye matandiko yaliyotoka kwenye kizimba cha panya hai ili lipate harufu. Kwa watoto wa chatu walio waoga, mfuko wa karatasi au kiboksi kidogo chenye nyoka na windo ndani yake, kikiachwa ndani ya kizimba usiku kucha, hufanya kazi mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja na akala, hutajua lipi lilimshawishi.

Anaweza kufunga hadi lini kabla sijaanza kuhangaika?

Tazama mizani, kalenda haitakuambia mengi. Mkubwa mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula, hasa dume katika msimu wa kupandana na jike mwenye mayai. Vijana wengi pia hugoma wanapokaribia kukomaa. Mpime kila wiki 2 na uandike. Kama uzito umesimama, au umepungua kidogo tu, hana tatizo. Ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10, au uti wa mgongo ukianza kuonekana kama paa la nyumba, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka.

Mtoto hana akiba hiyo. Akipitisha wiki 5 au 6 bila kula huku anapungua, usingoje zaidi.

Nimlishe kwa nguvu?

Usijaribu peke yako. Kuna hatari ya kuumiza taya na koo, na anayesalimika hujifunza kuwa chakula ni mateso. Hiyo ni kazi ya daktari au mfugaji mwenye uzoefu, na ni hatua ya mwisho.

Nimhamishie boksi jingine wakati wa kula, asije akauzoea mkono wangu kuwa chakula?

Hapana. Kumshika kabla ya mlo humwondolea hamu, na kumshika akiwa ameshiba humfanya atapike. Kama unataka atofautishe, mguse taratibu mwilini kwa kijiti au kwa karatasi iliyokunjwa kila unapotaka kumtoa. Atajifunza kuwa mguso huo hauji na chakula. Na nawa mikono. Mkono unaonuka panya ni panya.

Amekula! Naweza kumshika sasa?

Baada ya saa 48, na zaidi kama uvimbe wa tumbo bado unaonekana.

Ametapika.

Mara nyingi sababu ni baridi, windo kubwa mno, au kushikwa mapema. Safisha, rekebisha kilichokosekana, mwache na maji tu kwa siku 14, kisha mpe windo nusu ya lile la kawaida. Usiharakishe, tumbo linahitaji kurudisha asidi na utando wake. Akitapika mara ya pili, ni daktari.

Macho yamekuwa ya kijivu na rangi imefifia. Amepofuka?

Anajiandaa kujivua gamba. Haoni vizuri, hivyo ni mwoga zaidi, na wengi hawali mpaka wamalize. Macho yatarudi kuwa safi, kisha baada ya siku chache gamba litatoka, ikiwezekana lote kwa kipande kimoja. Likitoka vipandevipande, unyevu ulikuwa mdogo: mwekee boksi lenye tundu na karatasi nyevu ndani, ajipitishe mwenyewe. Angalia ncha ya mkia na macho. Gamba lililobaki juu ya jicho usilibandue kwa kucha wala kibanio, unaweza kuharibu jicho lenyewe.

Anazunguka usiku kucha na kusukuma kioo kwa pua. Ana njaa?

Labda. Katika wiki ya kwanza kwa kawaida anakagua makazi. Ikiendelea, pima tena joto na mapango kabla ya kudhani ni njaa. Nyoka anayetafuta mahali bora pa kulala hutembea hivyohivyo.

Ataniuma?

Huenda siku moja. Hana sumu, na kidonda cha mdogo ni mikwaruzo ya vitone. Akiuma na kuachia, osha kwa maji na sabuni. Aking'ang'ania, usivute, kwani meno yameinamia ndani. Mmiminie maji baridi taratibu kichwani naye ataachia.

Nitajuaje kuwa ni ugonjwa, si mgomo?

Sikiliza anavyopumua. Sauti ya kukoroma au kubofya, mapovu mdomoni au puani, kuinua kichwa juu na kupumua mdomo wazi: hayo ni mapafu, na hayasubiri. Tazama bakuli la maji. Vitone vyeusi vilivyozama, pamoja na nyoka anayeshinda amejitumbukiza majini, huashiria utitiri. Badilisha matandiko yote uweke karatasi tupu na upate dawa kwa daktari, maana viuadudu vya nyumbani vinaweza kumuua nyoka kabla ya utitiri wenyewe.

Naweza kuwaweka wawili pamoja wasipate upweke?

Hawana upweke. Wanagombea pango na joto, na mnyonge ndiye anayeacha kula.

Je, ni salama penye watoto?

Nyoka hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata akiwa mzima kabisa. Kila anayemgusa nyoka, maji yake au panya anawe kwa sabuni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike.

Anaishi miaka mingapi?

20 hadi 30 ni kawaida kwa anayetunzwa vizuri. Jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyekuwa huko tangu 1961, alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, ilhali hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Pia biashara ya kimataifa ya chatu hawa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hifadhi risiti na karatasi zake, na ujue sheria ya unakoishi kabla ya kununua.

Ametoroka!

Funga milango ya vyumba, ziba nafasi za chini ya milango kwa taulo. Tafuta chini, si juu: nyuma ya friji, ndani ya kochi, kando ya vifaa vya umeme vyenye joto, ndani ya viatu. Usiku zima taa, nyunyiza unga mwembamba milangoni ili uone mburuzo, na uache boksi lenye tundu na chupa ya maji ya uvuguvugu karibu na kizimba chake. Wengi hupatikana ndani ya mita chache kutoka walipotokea. Akipatikana, mrudishe apate joto taratibu, usimpe chakula siku hiyo, na utafute alipopitia kabla hujalala.